Maneno yanayoandamana na "jeshi": mwongozo kwa watafsiri na walimu

Miaka zaidi ya ishirini iliyopita, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nilirudi nyumbani Buhare, nje kidogo ya katikati ya mji wa Musoma, nikakuta msiba kwa jirani. Marehemu alikuwa mzee aliyepigana Vita Kuu ya Pili ya Dunia katika jeshi la Waingereza. Familia ilinikabidhi cheti chake cha jeshi, kilichoandikwa kwa Kiingereza, ili nichote humo habari za kutia katika wasifu wa marehemu. Palikuwa na neno "discharged" na mwaka 1946. Nami, nikiwa na kamusi ndogo na kiburi kikubwa, niliandika: "Mwaka 1946 alifukuzwa jeshini." Wasifu ukasomwa mbele ya waombolezaji. Wazee waliokaa chini ya mwembe wakatazamana. Mjane hakusema neno. Mtoto mkubwa wa marehemu ndiye aliyeniita kando akaniuliza, "Mwanangu, baba alifanya kosa gani huko jeshini?"

Hakufanya kosa lolote. Vita ilikwisha, muda wake ukaisha, akaruhusiwa kurudi kwao. Kosa lilikuwa langu, nalo halikutokana na kutolijua neno la Kiingereza. Nilijua kwamba "discharge" ni kumwondoa mtu. Nilichokuwa sijakijua ni kwamba katika Kiswahili mtu haondoki jeshini kwa kitenzi chochote tu: kila kitenzi kinachosimama karibu na neno "jeshi" huja na hukumu yake. Kufukuzwa kuna kosa ndani yake. Kuruhusiwa hakuna.

Makala hii inashughulikia michanganyiko ya namna hiyo: maneno ambayo Kiingereza huyaweka pamoja kinapozungumzia majeshi, na yale ambayo Kiswahili huyaweka pamoja kwa jambo lilelile. Mifano mingi imetoka Tanzania, na mingine mkoani kwetu Mara, ambako neno "jeshi" halikosekani katika mazungumzo ya nyumbani. Pale Makoko, Musoma, kuna kambi ya jeshi na kuna pia shule ya lugha ambako wageni wamekuwa wakijifunza Kiswahili tangu miaka ya 1960. Wilayani Butiama kuna kambi ya Rwamkoma ya Jeshi la Kujenga Taifa.

Upana wa neno lenyewe

Neno "jeshi" asili yake ni Kiarabu, kama lilivyo "askari". Katika Tanzania limetanda kuliko "army" ya Kiingereza. Tunalo Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lakini tunalo pia Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Zanzibar ina Jeshi la Kujenga Uchumi (JKU). Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), lililoanzishwa Julai 1963, kwa Kiingereza huitwa "National Service", jina lisilo na jeshi ndani yake. Kwa hiyo anayetafsiri kwenda Kiingereza asidhani kila "jeshi" ni "army": mara nyingi ni "force", mara nyingine ni "service".

Kinyume chake nacho kina mtego. Kiingereza kikisema "the army and the navy", neno la kwanza halimaanishi jeshi lote, bali tawi la ardhini tu. Andika "jeshi la nchi kavu na jeshi la wanamaji". Ukiandika "jeshi na wanamaji", utakuwa umewatoa wanamaji jeshini. Vilevile usichanganye Jeshi la Polisi, ambalo ndilo polisi wa kiraia tunaowajua, na polisi jeshi, ambao ni wanajeshi wenye kazi ya kusimamia nidhamu ya wanajeshi wenzao. Maneno ni mawili tu, yamegeuzana, na maana imehama kabisa.

Majina ya vyeo vya juu yanastahili kutazamwa polepole. Jeshi letu, JWTZ, liko katika umoja. Mkuu wake huitwa "Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi", katika wingi. Kwa Kiingereza jeshi hilo ni "Tanzania People's Defence Force": neno la ulinzi limo katika jina la Kiingereza, katika Kiswahili halimo, linaibuka tena katika cheo cha mkuu. Asiyezijua tofauti hizi hubuni "Jeshi la Ulinzi la Watu wa Tanzania", jina ambalo halipo. Jina rasmi halitafsiriwi, linatafutwa.

Rais naye ni "Amiri Jeshi Mkuu". Hapa kivumishi "mkuu" ni cha amiri, si cha jeshi, ndiyo maana si "kuu". Wingi wake ni "maamiri jeshi wakuu". Nimesahihisha tasnifu zilizoandika "Amiri wa Jeshi Kuu", kana kwamba kuna jeshi dogo lenye amiri wake mwingine. Cheo hiki hakibebi jinsia, na tangu Machi 2021, Samia Suluhu Hassan alipoapishwa, hapakuhitajika kubadili hata herufi moja.

Miaka ya karibuni umeenea mchanganyiko "jeshi usu", unaotumika kwa taasisi za uhifadhi wa wanyamapori na misitu ambazo watumishi wake sasa wana vyeo, sare na nidhamu ya kijeshi. Wakazi wa Bunda, wanaopakana na Hifadhi ya Serengeti, wanalisikia neno hili kuliko wengi. Ndilo linalofaa kwa "paramilitary". "Usu" hilo ndilo lililomo katika "Luteni Usu", cheo kilicho chini ya Luteni. Ni kiambatisho kizuri, kifupi, na nashangaa kwamba wanaounda istilahi hawakitumii zaidi.

Kuhusu "askari", tahadhari moja inatosha. Neno hili humbeba mwanajeshi, polisi, askari magereza, na mjini Nairobi hata mlinzi wa lango. Sentensi "Askari watatu wamejeruhiwa" humwacha msomaji akiuliza ni askari gani. Pale ambapo Kiingereza kimesema "soldiers", na hasa katika habari au hati, "wanajeshi" ni salama zaidi. Mashariki mwa Kongo utasikia "basoda", lililotokana na Kifaransa. Ni neno la mazungumzo, lakini mtafsiri wa ushahidi wa wakimbizi hana budi kulitambua.

Na upatanisho: jeshi limefika, majeshi yamefika, askari wamefika. "Jeshi wamefika" husikika mitaani. Katika maandishi rasmi halina nafasi.

Vikosi 500 au wanajeshi 500?

Kosa hili nalitengea sehemu yake kwa sababu hutokea hata katika taarifa za habari. Neno la Kiingereza "troops" hutafsiriwa "vikosi", na mara nyingi ni sawa: "troops advanced" ni "vikosi vilisonga mbele". Lakini tarakimu ikitangulia, maana hubadilika. "500 troops" ni watu 500. Ukiandika "vikosi 500" umepeleka vitani umati ambao nchi nyingi hazina. Sema "wanajeshi 500".

Neno "kikosi" lenyewe halina ukubwa maalumu. Katika Tanzania kambi hutambulishwa kwa namba zikifuatiwa na herufi KJ, yaani Kikosi cha Jeshi. Tunapotaka ukubwa mahususi tunatumia maneno yaliyokwisha kuvaa kanzu ya Kiswahili: seksheni, platuni, kombania, batalioni, brigedi, divisheni. Usijisumbue kuyatafutia visawe vya Kibantu. Wanajeshi wenyewe hawatakuelewa.

Mfano mmoja wa "kikosi" unaonyesha kwamba uteuzi wa maneno haya si jambo la kiufundi tu. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa uliunda huko Kongo brigedi iliyojumuisha wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kwa Kiingereza iliitwa "Force Intervention Brigade". "Intervention" kwa kawaida ni "kuingilia kati". Lakini jina lililoshika katika habari za Kiswahili ni "kikosi cha kujibu mashambulizi". Anayejibu hakuanza, anayeingilia huenda alianza. Sisemi kwamba jina la Kiswahili ni baya, maana limeshazoeleka na msomaji hulitambua. Nasema kwamba mwalimu anayelifundisha darasani awaonyeshe wanafunzi kilichobadilika njiani.

Kuingia, kutumikia, kutoka

Kwa "join the army" tuna "kujiunga na jeshi", na hilo ni sahihi kila mahali. "Kuingia jeshini" lina ladha ya mazungumzo kidogo lakini halina kosa. "Kwenda jeshi" ni jambo jingine: Mtanzania akisema "mwanangu amekwenda jeshi", mara nyingi anamaanisha amekwenda JKT baada ya kidato cha sita, wala si kwamba ameajiriwa kuwa mwanajeshi. Mafunzo hayo ya lazima yalisitishwa mwaka 1994 yakarejeshwa mwaka 2013, na yamezaa mchanganyiko wa ajabu kidogo: "vijana wa mujibu wa sheria". Maneno "kwa mujibu wa sheria" yamegeuka jina la kundi la watu, tofauti na "vijana wa kujitolea". Ukikutana na "conscripts" katika matini inayohusu JKT, haya ndiyo maneno. Kwa nchi nyingine, au kwa zama za ukoloni, "walioandikishwa jeshini kwa lazima" hufaa zaidi. Wazee wetu walisema kwa ufupi "walichukuliwa", na kila mtu alijua wamechukuliwa wapi.

Anayeanza mafunzo ni "kuruta" kwa Tanzania, wingi "makuruta". Kwa Kenya ni "kurutu", "makurutu". Anayemfunza humwita "afande". Neno hili lina safari ndefu: ni "efendi" ya Kituruki, lililofika kwetu kupitia wanajeshi waliotoka Misri na Sudan waliotumiwa na wakoloni. Wajerumani waliwatumia pia askari wenye vyeo vya "ombasha" na "shaushi", maneno ya Kituruki vilevile. Ya kwanza asili yake ni mkuu wa watu kumi. Ombasha na shaushi wamebaki katika vitabu vya historia. Afande yungali hai.

"Serve in the army" ni "kulitumikia jeshi" au "kuhudumu jeshini". La pili limeenea zaidi Kenya, ingawa Tanzania nako limekita. Ninalolikataa ni "kutumika jeshini" kwa maana hiyohiyo, maana kitu kinachotumika ni kifaa. (Ndiyo, katika lugha ya makanisa mtu "hutumika". Jeshini hapana.) "Serve under" si "kutumikia chini ya", bali "kuwa chini ya kamanda fulani" au "kupigana chini ya kamanda fulani". Afisa mpya "hutunukiwa kamisheni". Anayepanda "hupandishwa cheo" na katika sherehe "huvishwa cheo". Kila mmoja "hula kiapo". Kiingereza huchukua kiapo, sisi hukila.

Sasa turudi kwenye cheti cha mzee wa Buhare. Njia za kutoka jeshini ni nyingi, na zinatofautiana kwa heshima. Anayemaliza muda wa utumishi na kuondoka kwa pensheni "amestaafu", naye ni "mwanajeshi mstaafu". Aliyeomba mwenyewe kuondoka "ameacha jeshi". Aliyeondolewa kwa sababu ya afya "ameondolewa jeshini kwa sababu za kiafya", na sababu itajwe, la sivyo msomaji ataifikiria mbaya. Aliyepunguzwa "ameachishwa". Aliyetenda kosa "amefukuzwa". Aliyekimbia "ametoroka jeshini". Usiandike "amelitelekeza jeshi", maana kutelekeza ni kwa mke na watoto.

"Discharged" ya Kiingereza inaweza kuwa karibu lolote kati ya hayo, isipokuwa kutoroka. Mtafsiri hana budi kusoma mstari unaofuata wa cheti, ambao kwa kawaida hutaja sababu. Pasipokuwa na sababu, "aliruhusiwa kuondoka jeshini" hutosha. Na tazama jinsi lugha ilivyokwisha kutuwekea jibu mlangoni: Kiingereza hutumia kitenzi hichohicho kwa mgonjwa aliyepona, nasi husema "ameruhusiwa hospitali" bila kusita. Hakuna anayesema mgonjwa amefukuzwa. Laiti ningaliikumbuka hospitali siku ile.

Tahadhari ya mwisho hapa ni kuhusu "veteran". Kwa wapiganaji wa Vita ya Kagera waliobaki jeshini hadi umri wa kustaafu, "mstaafu" ni sahihi. Kwa wazee wa Keya, yaani King's African Rifles, ambao wengi wao walirudi makwao baada ya vita bila pensheni ya maisha, "mstaafu" hudokeza haki ambayo hawakuipata. Tumia "askari wa zamani" au "mpiganaji wa zamani". Familia zinazoandika barua kudai stahili za wazee wao zizingatie hili: neno moja lisilo mahali pake humpa karani sababu ya kuirudisha barua.

Kuunda, kuvunja, kuasi, kupindua

Kiingereza "huinua" jeshi. Kiswahili huliunda, au, katika hadithi za wafalme wa kale, hulikusanya. "Standing army" ni "jeshi la kudumu", nalo huweza kukaa chini likitaka.

"Kuvunja jeshi" humtega mtafsiri kwa namna nyingine. Mzungumzaji wa Kiingereza akisikia kwamba jeshi limevunjwa hudhani limeshindwa vitani. Kwa Kiswahili limefutwa kwa amri, kama bodi au bunge linavyovunjwa. Mfano wetu mkubwa ni wa mwaka 1964. Tarehe 20 Januari askari wa Tanganyika Rifles waliokuwa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Jeshi hilo likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likaundwa JWTZ. Kambi ya Colito leo ni Lugalo, jina la mahali ambapo Wahehe waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Kwa jeshi lililoshindwa sema "lilishindwa", "lilisambaratishwa", au "lilisalimu amri" ikiwa limeweka silaha chini.

Tukio la Januari 1964 huitwa "maasi ya jeshi", nayo ndiyo tafsiri ya "mutiny". Siku nane kabla yake, tarehe 12 Januari, yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar. Hapo ndipo Kiswahili kinapobana: "mapinduzi" ni "revolution", na "mapinduzi ya kijeshi" ni "coup". Kivumishi "ya kijeshi" ndicho kinachobeba tofauti yote, na kikiachwa, kundi la maafisa walioteka redio usiku hupewa hadhi ya umma ulioinuka. Anayetafsiri habari za Afrika Magharibi za miaka hii asikiache kivumishi hicho hata mara moja, japo ameshakiandika mara tano katika aya. Kwa aliyeshindwa tunasema "jaribio la mapinduzi", na hapo pia "ya kijeshi" iongezwe.

Vita: vya au ya?

Swali ninaloulizwa na walimu kuliko yote ni kama tuseme "Vita vya Kagera" au "Vita ya Kagera". Matumizi yote mawili yapo katika maandishi mazuri. Wanaosema "vita vimekwisha" wanaliweka neno katika ngeli ya vi-. Wanaosema "vita imekwisha" wanaliweka katika ngeli ya i-. Kosa ni kuchanganya ndani ya kirai kimoja: "Vita Kuu vya Pili vya Dunia" haisimami popote. Ama "Vita Vikuu vya Pili vya Dunia", ama "Vita Kuu ya Pili ya Dunia". Katika makala hii nimefuata ya pili, kwa sababu ndivyo tunavyosema kwetu.

Vita huzuka, hupamba moto, husitishwa, humalizika. Nchi hutangaza vita na kuingia vitani. "Civil war" ni "vita ya wenyewe kwa wenyewe", na "guerrilla war" ni "vita ya msituni", hata pale ambapo hakuna mti hata mmoja. Wapiganaji wa namna hiyo "huingia msituni".

Tofauti kati ya "kupigana vita" na "kupiga vita" haifundishwi vya kutosha. Jeshi hupigana vita. Serikali, shule au mzazi hupiga vita jambo: kupiga vita ujinga, kupiga vita rushwa. Ukiandika "Wanajeshi wa Keya walipiga vita Burma", umesema waliendesha kampeni dhidi ya nchi ya Burma kama mtu anavyopinga ulevi.

Vita ya Kagera ni hazina ya michanganyiko hii, na wazazi wetu waliisikia redioni moja kwa moja. Majeshi ya Idi Amin "yalivamia" mwishoni mwa Oktoba 1978 na "kulikalia" eneo la kaskazini mwa mto Kagera. Kitenzi "kukalia" ndicho chetu kwa "occupy". "Kumiliki" hakifai, kwani mvamizi hamiliki. JWTZ "lilisonga mbele", "likalikomboa" eneo hilo, "likavuka mpaka", na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala "ikatekwa" au "ikaanguka", ikitegemea msimuliaji anasimama upande gani. Waganda wengi waliompinga Amin husema "ilikombolewa". Vitenzi vitatu, mji mmoja, siku moja. Mtafsiri afuate kitenzi cha matini yake, asisuluhishe.

Mwalimu Nyerere, alipolitangazia taifa vita hiyo Novemba 1978, alitaja uwezo, sababu na nia, na kitenzi alichokifungamanisha na vyote vitatu kilikuwa "kumpiga". Hakusema "kushambulia" wala "kukabiliana na". Tafsiri nyingi za Kiingereza hulainisha kitenzi hicho. "Kumpiga" ni neno la uani, la mtu aliyeingiliwa nyumbani kwake, na nguvu ya hotuba ile ilikuwa hapo. Kamanda wa divisheni iliyosonga hadi Uganda alikuwa mtu wa Butiama, David Musuguri, aliyeanzia Keya mwaka 1942, na baadaye akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988. Vita ile ilimpa jina la utani la Jenerali Mutukula, kutokana na mji wa mpakani.

Kitenzi "piga" kambini

Jeshini hupigwa mengi. Hupigwa saluti, gwaride, kambi, risasi. Hupigwa kwata, ingawa wengi husema "kucheza kwata", na maneno haya mawili ndiyo yanayofaa kwa "march" ya uwanjani. "March" ya kwenda vitani ni "kusonga mbele" au "kuelekea". Mgeni wa taifa "hupigiwa mizinga 21". Hapo pana shimo kwa asiye mwenyeji: katika lugha ya mtaani "kupiga mzinga" ni kumwomba mtu fedha. Niliwahi kumwona mtafsiri mgeni akiduwaa kusoma kwamba kijana fulani alimpiga mjomba wake mzinga asubuhi na mapema na mjomba akampa shilingi elfu tano.

Rais "hukagua gwaride". Mlinzi "hukaa lindo" au "huenda lindo". Kikundi "hufanya doria". Jeshi na serikali pia "huendesha operesheni", neno lililohama kutoka kambini hadi vijijini tangu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, na ambalo kwa masikio ya wanavijiji wengi halijapoteza harufu ya bunduki. "Campaign" ya chanjo iitwe kampeni, isiitwe operesheni.

Majeshi yasiyo na bunduki

Kiingereza hupenda kusema "an army of" chochote: wadudu, wafagiaji, wasio na kazi. Kiswahili hakikatai, lakini kina maneno yake: "msururu wa siafu", "umati wa wasio na ajira", "utitiri wa wachuuzi". Michanganyiko michache ya kigeni imeshakubalika, kama "jeshi la mtu mmoja" kwa anayepambana peke yake, na Jeshi la Wokovu, ambalo ni jina rasmi la kanisa. Kuna pia "jeshi la jadi", yaani sungusungu, walinzi wa vijiji walioanzia Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuenea hadi kwetu Mara. Sungusungu ni mdudu mweusi wa jamii ya chungu anayeuma. Basi hata hapo picha ya Kiswahili iligeuza upande: Kiingereza huwaita wadudu jeshi, sisi tuliliita jeshi kwa jina la mdudu.

Waliokufa

Mwanajeshi "hufa vitani", "huuawa vitani" au "hupoteza maisha". "Kuanguka vitani" ni la kishairi; litumike kwa kiasi. Anayezikwa kwa taratibu za jeshi "huzikwa kwa heshima za kijeshi", kama alivyozikwa Jenerali Musuguri mwaka 2024.

Lakini "made the ultimate sacrifice" inatutatiza sasa kuliko zamani. Kizazi kilichotangulia kiliandika "walijitoa mhanga", na yalikuwa maneno mazuri: mhanga ni kafara. Kisha vyombo vya habari vikayachukua kwa ajili ya "suicide bomber", yaani "mshambuliaji wa kujitoa mhanga", na leo kijana akisoma kwamba babu yake "alijitoa mhanga" Uganda, huenda akafikiria bomu kiunoni. Nimeliona hilo darasani, kwa mwanafunzi aliyeuliza kwa nia njema kabisa. Siwezi kuvirudisha vyombo vya habari nyuma. Ninachopendekeza ni kwamba katika maandishi ya kumbukumbu, kama yale ya Siku ya Mashujaa ya tarehe 25 Julai, tuandike "walioyatoa maisha yao kwa ajili ya nchi" au "waliojitolea maisha yao", na kwa "suicide attack" tuandike "shambulio la kujiua" au "shambulio la kujilipua", kadiri tukio lilivyokuwa. Matini za zamani zenye "kujitoa mhanga" zisibadilishwe. Tanbihi fupi itatosha.

Kuhusu wasifu ule wa Buhare, niliandika nakala ya pili kabla ya arobaini. Mstari wenyewe ulisomeka: "Mwaka 1946, vita ilipokwisha, aliruhusiwa kuondoka jeshini, akarudi nyumbani kulima na kuvua." Mtoto wake mkubwa aliusoma mara mbili, akauliza kama neno "salama" linaweza kuongezwa baada ya "nyumbani". Katika cheti halikuwemo. Niliongeza.